Gari la Mama Tumaini

Osward Kibona aliweza kumuuzia mchele Mzambia aliyekuja mpakani kununua sabuni. Tunduma yote ilimjua hivyo. Angekukaribisha kwa "mulishani", salamu ya kwenu, yenye tabasamu, akakuuliza habari za Nakonde, za watoto, za mvua, na kabla hujamaliza kujibu la mvua mfuko umeshakaa begani mwako na wewe ndiye unayeshukuru. Lakini mtu huyuhuyu, mwenye mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, alikaa na mke miaka kumi na miwili bila kugundua kwamba kuna neno moja mke huyo hajawahi kulitamka. Wanaume wanaojisifu kuwa wanawajua wake zao nje ndani wasogee hapa karibu, wasikie.

Mke mwenyewe ni Tukuswiga. Nyumbani kwao Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, anaitwa Mama Tumaini kwa ajili ya binti yao aliye shule ya bweni. Huko juu kwenye milima ya Ileje hakuna anayemwita hivyo. Huko yeye ni Bibi Shamba, na ukimtaja Bibi Shamba hata mchunga mbuzi atakuonyesha njia aliyopita. Kazi yake ni kuwafundisha wakulima kahawa na parachichi. Hushika jani la mche kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso kuangalia homa, na akishasema "huu una shida mizizini", chimba tu, shida utaikuta. Alikuwa na namna yake ya kusema pia. Wataalamu wenzake wote husema vitalu vya miche. Yeye alisema shule ya miche. "Mche uko shule," aliwaambia wakulima, "usiutoe kabla haujafaulu." Neno likapendwa, likavuka vilima, likawa la watu wote, na Osward akawa analitaja dukani kwa majivuno kwamba mke wake ana kipaji cha kufundisha.

Tatizo lilikuwa mgongo. Miaka yote hiyo alipanda milima kwa pikipiki ya kazi, makreti ya miche yamefungwa nyuma kwa mipira, jua lake na matope yake. Mwaka huu mgongo ukagoma. Daktari wa Vwawa aliitazama picha ya mifupa, akamtazama na yeye. "Mama, pikipiki basi," alisema. "Ukiendelea nayo utakuja kutembea umeinama kama mtu aliyeangusha sindano." Na mkuu wake wa kazi, mtu mwema lakini asiye na gari la kumpa, akamweleza kwamba mvua zikianza kabla hajapata usafiri mwingine itabidi amweke ofisini, akae na makaratasi, na milima apewe mtu mwingine. Tukuswiga aliyasikia, akaaga. Aliporudi nyumbani aliingia bafuni, akafungulia maji, na Osward aliyekuwa sebuleni akasikia kilio kikijificha ndani ya sauti ya maji. Hakuwahi kumsikia mke wake akilia, hata siku ya kujifungua. Akaenda kusimama mlangoni mwa bafu.

"Nitakununulia gari," alisema. "Na utalichagua mwenyewe."

Ahadi ni hizo mbili. Ya kwanza aliitimiza upesi kuliko alivyotegemewa. Ya pili ndiyo iliyomletea balaa.

Jumamosi walikwenda yadi ya Brayan, kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Kongo yanapopanga foleni hadi madereva wakaanza kufua nguo. Brayan alikuwa dalali kijana aliyevaa miwani ya jua hata siku ya mawingu.

"Karibu bosi, karibu mama," alisema. "Hapa hakuna gari za IT, zile za kupita tu kwenda nchi jirani, za kukuponza mbele ya safari. Zote zimelipiwa ushuru, kadi ziko mkononi. Mama anataka ndogo ila ya kupanda milima? Ninazo tatu, chagua moyo unapotua."

Tatu hizo zilisimama bega kwa bega. Ya kwanza ilikuwa Rav4 nyeupe, ile watu wanayoiita Kilitime. Ya pili Rush nyekundu, inang'aa kama imetoka kuoga. Ya tatu ilikuwa Suzuki Vitara ya rangi ya majivu, fupi, pana, imesimama juu ya miguu yake kama fahali anayesubiri kuchokozwa. Tairi yake ya akiba ilining'inia mlango wa nyuma, lakini wao waliingilia mbele, hawakuiona.

Brayan alianza na redio. Wakati anaeleza namna redio inavyopokea simu, Tukuswiga alikuwa ameshapiga goti taratibu, kwa kuuonea huruma mgongo, anachungulia uvungu. Osward alisimama pembeni, mikono mfukoni, akamwangalia. Alipenda kumwona mke wake akikagua kitu, jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Tukuswiga aligonga bodi kwa ukucha, akasikiliza. Alichomoa kijiti cha oili, akanusa. Alipapasa matairi kwa kiganja kama anavyopapasa shina la mbuni, na akaomba gari zote tatu zizimwe, kisha ziwashwe moja moja asikie.

"Hii ni nzuri kwa mtu wa lami," alisema kuhusu Rav4, "ila lami mimi naiacha Isongole." Aliingia kwenye Rush, akakaa, akajisogeza, akashuka. "Hii nayo nzuri sana. Kiti tu kinanisukuma hapa," akagusa kiunoni.

Kisha akapanda Vitara. Alivuta kiti mbele, akakinyanyua kidogo, akaweka mikono kwenye usukani. Osward akasogea dirishani.

"Vipi?"

"Haiumi," Tukuswiga alisema. Alilisema polepole kama mtu asiyeamini. "Baba Tumaini, haiumi."

Aliliwasha, akazunguka yadi, akalipandisha juu ya kifusi cha kokoto ambacho Brayan hakukusudia mtu akipande, akashuka nalo upande wa pili bila kutikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa wa yule msichana wa chuo cha kilimo ambaye Osward alimfuata kutoka Itumba hadi Uyole kwa visingizio vya kuuza viazi. Alikuwa anacheka peke yake. Osward akasema moyoni: limepatikana.

"Ngoja nitazame kama makreti yanaingia," Tukuswiga alisema, akashuka, akazunguka kwenda mlango wa nyuma. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kushika kitasa. Ukasimama hewani. Pale kwenye kifuniko cha tairi ya akiba, kwa herufi nyeupe za kushiba, paliandikwa VITARA.

"Ndiyo yenyewe hiyo mama," Brayan alidakia. "Vitara! Vitara haichoki. Ukiwa na Vitara, milima yote inakuamkia shikamoo. Vitara ni Vitara."

Kila alipolitaja jina Tukuswiga aliinamisha macho zaidi. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni ingawa hakikuwa kimelegea.

"Twende nyumbani, Baba Tumaini," akasema. "Hili sitaki."

"Hutaki? Si umesema haiumi?"

"Ndiyo. Lakini sitaki."

"Basi unataka lipi?"

"Labda hiyo nyekundu."

"Inayokusukuma kiuno?"

"Nitazoea," alisema, akaelekea barabarani.

Osward hakulala vizuri. Alilipindua jambo hilo kama anavyopindua gunia kutafuta lilipotoboka, na mwishowe akapata jibu lililomridhisha, kwa sababu lilimsifu yeye. Mke wangu, alijiambia, ananionea huruma. Ameona hilo ndilo la bei juu, akaamua kuumia ili nisiumie. Moyo ukamjaa upendo, na upendo ukimjaa mfanyabiashara hufanya asichotumwa. Jumatatu asubuhi alifunga duka, akaenda kwa Brayan, na jioni akaingia nyumbani Mpemba akipiga honi, anaendesha Vitara ya rangi ya majivu yenye utepe mwekundu kwenye kioo.

Tukuswiga alitoka jikoni, mikono ina unga. Alilitazama gari, akamtazama mumewe, macho yakamjaa machozi. Alipiga goti barabara, mpaka chini, mgongo na maumivu yake yote.

"Asante, Baba Tumaini. Mungu akuzidishie."

Kesho yake alfajiri Osward alisikia geti likifunguliwa, akajisemea sasa atamwona mke wake akitoka na gari lake. Alichungulia dirishani. Tukuswiga alikuwa amefunga kreti la miche kwenye pikipiki, anaisukuma kutoka getini kimyakimya.

Wiki nzima ikawa hivyo. Gari lilikaa uani, likapigwa na vumbi, na mwenyewe akalifuta kila jioni kwa kitambaa safi, kwa upole, kisha asubuhi akapanda pikipiki. Huyu anayelifuta ndiye asiyetaka kulipanda. Hebu fikiria mwanaume angefanyaje. Osward alianza kwa kubembeleza, akaja kwenye utani, akaishia kwenye ukali.

"Lina kasoro gani?"

"Halina kasoro."

"Unaliogopa?"

"Siliogopi. Naliheshimu."

"Unaliheshimu! Gari!" Osward alipandisha sauti hadi jirani akapunguza redio. "Tukuswiga, mvua ni hizi zinakuja. Wanakwenda kukufungia ofisini. Mgongo unakufa, kazi inakufa, na dawa ninayo imesimama uani! Kama unanidharau, nidharau kwa maneno nikusikie."

Tukuswiga akasema tu, "Sikudharau, mume wangu," akaenda kuchemsha maji ya kujikanda. Osward alikaa nje, akaona kwa mara ya kwanza kwamba huenda aliyemwoa hamjui. Jambo hilo lilimtia woga kuliko hasira.

Jumapili waliahidi kwenda kumsalimu baba yake Osward, kule juu ya Itumba, ambako mzee aliishi na dada yake Osward, Ikupa. Osward akasema vizuri, huko huko nitamshtaki. Alipowasha gari, Tukuswiga alikuwa ameshavaa kofia ngumu.

"Nitatangulia na pikipiki," alisema. "Nina wakulima wa kuwaona njiani."

Basi watu wa barabara ile wakaona sinema ya bure. Mbele, mwanamke kwenye pikipiki, mgongo umenyooka kwa nguvu kama ubao. Nyuma yake, mume peke yake ndani ya gari zuri, viti vingine vyote vitupu na utepe mwekundu bado unapepea. Lami ilipokwisha, Osward akawa anaona kila shimo mara mbili: pikipiki ikiruka, na bega la mke wake likikaza. Kila aliporuka yeye, Osward ndani ya gari alibana meno. Kwenye kona moja akina mama wenye matenga ya ndizi waliuliza kwa sauti kama wamegombana. Osward akapiga honi, akapita. Kama angeweza kumpa mke wake mgongo wake mwenyewe angempa palepale.

Walipofika, Tukuswiga alizunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja, akapotelea jikoni, kama alivyofanya siku zote. Mzee Kibona alikuwa amekaa barazani, fimbo kati ya magoti, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi. Osward akamwamkia, akaketi, na kabla chai haijaja akamwaga yote.

"Nimeisikia pikipiki ikifika kabla yako," mzee alisema. "Na gari hilo la nani?"

"Lake, baba! Ndiyo nakueleza. Lake, na halipandi. Nimempeleka achague, akalipenda kwa macho yangu haya, nikalinunua, sasa analifuta vumbi kama kabati. Nimemnunulia Vitara, gari ambalo..."

"Umemnunulia nini?" Mzee aliweka kiganja sikioni.

"Vitara."

"Sema tena."

"Vitara, baba! Vitara!"

Ikupa, aliyekuwa anakuja na birika, alisimama njiani akajiziba mdomo. Mzee alimtazama mwanawe kama anapima ni mjinga kwa kiasi gani.

"Osward. Mimi naitwa nani?"

"Mzee Kibona."

"Hilo ni la ukoo. Siku mapadri waliponimwagia maji walinipa jina gani?"

"Vita..." Osward alisema, akakwama.

Vitali. Vitalis kwenye cheti, Vitali kwa kinywa. Na huko milimani, ambako *r* na *l* ni ndugu wa tumbo moja, wazee hawana Vitara, wana Vitala.

"Umemnunulia mkeo jina langu," mzee alisema. "Umemwambia alikalie."

Ni desturi ya Wandali wa milima hiyo, na majirani zao wengi wanayo: mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Hamtazami usoni, hakai naye pamoja, akimwona njiani anachepuka. Osward aliijua kama kila mtu anavyoijua, yaani kama kitu cha bibi zetu. Nani angedhani mwanamke mwenye stashahada, mwenye simu ya kisasa, anayesimama mbele ya wakulima mia na kipaza sauti, bado anaishika? Hakuna aliyemdai. Mama mkwe wake alikwisha kufa, mawifi walioolewa walishaacha kwa wakwe zao, na mjini hata kusalimia kwa goti kumekuwa habari.

Sasa yakaanza kumjia moja moja, na kila lilipokuja lilimchoma. Duka lake limeandikwa Osward Vitalis Kibona, na Tukuswiga akimwelekeza mtu husema "duka la mume wangu". Redioni wakitangaza vita, yeye husema mapigano. Tumaini alipokuwa mdogo akamuuliza mama yake jina la babu, akapelekwa kwa shangazi. Na miche! Vitalu, Mungu wangu, vitalu! Neno la kazi yake, ambalo wenzake hulitaja mara kumi kabla ya chai. Yeye alitengeneza lingine badala yake, zuri kuliko la mwanzo, akaifundisha nusu ya wilaya kulisema, na hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa heshima kwa mzee mmoja wa mlimani. Osward aliyekuwa akijisifia neno hilo dukani aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza, sauti ndogo.

"Angekuambiaje bila kumtaja baba?" Ikupa alimjibu. "Na akikueleza anavyoheshimu, si ameanza kujisifu? Kaka, una bahati ya mke kuliko akili."

Osward akasimama kwa kishindo. Alikuwa hivyo, akikosea hukimbilia kurekebisha kabla hajaelewa. "Nayabandua maandishi. Sasa hivi. Nipe kisu. Brayan aliniambia gari hilihili likitoka Japani huitwa Escudo. Nitalipaka Escudo, basi, yamekwisha!"

"Kaa chini," mzee alisema. "Ukinivisha kofia ya mtu mwingine, mkamwana wangu hatanijua? Ameshajua ni nani. Nipe mkono ninyanyuke."

Alitembea kwa fimbo hadi uani, hatua za mtu ambaye magoti yake yameshastaafu. Gari lilikuwa limesimama karibu na ukuta wa jiko, na nyuma ya ukuta ule sauti za vyombo zikakoma. Mzee aliligonga boneti kwa fimbo, taratibu, kama anabisha hodi. Kisha akanyanyua sauti, na maneno yote akaliambia gari.

"Wewe gari. Nasikia tunaitwa jina moja. Karibu kwenye ukoo. Sasa nisikilize, somo yangu. Mimi nina mkamwana. Ameingia boma hili miaka mingi, hajanitazama usoni na mimi sijamtazama, lakini najua kila anachofanya. Kahawa yangu ilikuwa imekufa, akaifufua. Alikuja kuipogoa alfajiri nikiwa bado ndani, nikitoka nakuta kazi imekwisha na mtu hayupo. Heshima yake nimeiona. Imetosha, imezidi. Sasa mgongo unamuuma, na watu hawa wa milimani watakuwa yatima akifungiwa ofisini. Mimi miguu imechoka, siwezi kumbeba. Wewe unayo minne. Mbebe kwa niaba yangu. Akikukalia hajanikalia, ni mimi ninayembeba mtoto wangu. Na siku akitaka kukuita kwa jina, akuite. Mimi masikio yangu mabovu, sitasikia."

Osward alimwona baba yake akivuta kofia ya sufi ishuke hadi machoni. Nyuma ya ukuta mtu alivuta kamasi, kisha ikaja sauti ya Tukuswiga, nyembamba lakini haikosi hata herufi. Alikuwa anazungumza na kuku.

"Wewe kuku. Mwambie mwenye boma nimesikia. Mwambie asante ni neno dogo, nimekosa lililo kubwa."

Ikupa alicheka na kulia kwa pamoja, akamwaga chai.

"Na jingine, gari," mzee aliendelea, kwa kuwa alishaona mambo yanakwenda. "Hiyo shule ya miche naisikia tu. Iko kilima cha pili na miguu yangu haifiki, na kwenye pikipiki nisingeweza kumkumbatia mkamwana kiuno. Leo utanipeleka."

"Baba," Osward alisema, "mtakaaje pamoja humo ndani?"

"Kwenye gari nani anamtazama nani? Wote tunatazama njia." Akafungua mlango wa kiti cha nyuma mwenyewe, akaingia, akaweka fimbo mapajani.

Tukuswiga alitoka jikoni amejitanda kitenge hadi kwenye nyusi, akatembea ubavu ubavu, akashika mlango wa dereva. Osward alikuwa ameshakaa kiti cha pembeni. Tukuswiga aliingia, akavuta kiti mbele kidogo, akaweka mikono kwenye usukani. Kioo cha kati kilikuwa kinaonyesha nyuma, na ndani yake ilikuwa kofia ya sufi na ukingo wa shavu la mzee. Tukuswiga alinyanyua mkono na kukigeuza kioo kile kikatazama dari. Vioo vya pembeni vilimtosha.

Alivyoendesha! Osward alikuwa amepanda na madereva wa malori waliovuka Kongo mara ngapi, na hakuwahi kuona mtu akiisoma njia namna ile. Alijua kila gogo na kila jiwe, alijua pale panapoteleza hata kukiwa kukavu, alijua wapi apunguze kwa ajili ya ndama wa fulani. Gari lilipanda bila kulalamika. Kwenye mteremko mbaya alibadili gia mapema, akaliachia lishuke lenyewe kwa utulivu, na uso wake ulikuwa umelegea. Ile mikunjo ya maumivu iliyokuwa imekaa kwenye paji la uso tangu mavuno haikuwepo. Watu walitoka mashambani kumpungia. "Bibi Shamba! Bibi Shamba!" Na nyuma mzee alikuwa hanyamazi.

"Somo yangu, polepole hapo. Ee, vizuri. Huyu anayekuendesha anajulikana kuliko mkuu wa wilaya, unaona? Hiyo kahawa ya nani, imenona hivyo? Usijibu, nimeshajua aliyeifundisha."

Osward alitazama mbele kama wengine. Alitaka kumwomba mke wake msamaha na hakujua pa kuanzia, mdomo wake wote wa sokoni ukawa hauna bidhaa. Mwishowe akasema, "Mama Tumaini, niliahidi utachagua mwenyewe."

"Nilichagua mwenyewe," alisema. "Siku ile ile. Ulikuwa umesimama dirishani."

Walifika. Miche ilikuwa imepangwa chini ya vivuli vya majani, safu kwa safu, mbichi hadi macho yanapoishia. Wakulima walikuwa wanamwagilia. Anania, mwenyekiti wa kikundi chao, aliacha ndoo akaja mbio anajifuta mikono kwenye suruali.

"Bibi Shamba! Leo hakuna pikipiki? Mungu ametusikia, jamani, haendi ofisini!" Alilizunguka gari nusu, akapiga mluzi. "Chuma hiki! Hili ni gari gani?"

Ruhusa Tukuswiga alikuwa nayo, mbele ya mashahidi. Neno lenyewe ni silabi tatu tu, na limeandikwa pale nyuma kwa yeyote anayejua kusoma. Osward aliuona mdomo wa mke wake ukifunguka, akaona akitabasamu huku macho yake yakiwa mbele, kwenye miche.

"Muulize mwenye jina," Tukuswiga alisema. "Yuko nyuma."

Anania hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa adabu, akainama kwenye dirisha la nyuma. Mzee alivua kofia, akatoa kichwa nje, akasafisha koo.

"Vitala!" akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wenye ndoo.

"Aa, Mzee Vitali! Shikamoo, mzee wangu, siku nyingi. Wewe nakufahamu. Nilikuwa naulizia gari."

"Marahaba. Tuko wawili," mzee akamjibu. "Mimi ndiye nisiyekula mafuta."

Tukuswiga akaangua kicheko. Alijaribu kukizuia kwa kitenge, kikapita. Alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye usukani na honi ikalia yenyewe. Na nyuma yake mzee, kofia mkononi, alitulia akasikiliza, kwa sababu katika miaka yote hiyo alikuwa hajui mkamwana wake anachekaje.